Huruma Haitoshi

Lipo neno moja ambalo katika nchi hii hutumiwa kumsifu muuguzi na papo hapo kumnyima haki yake. Neno hilo ni wito. Asemapo mtu kwamba uuguzi ni wito, wasikiao hutikisa vichwa kwa kukubali, na aghalabu hapatokei wa kuuliza aliyeita ni nani, wala aliyeitwa atakula nini, atasomea wapi na atazeeka katika cheo gani. Neno ni zuri, na uzuri wake ndio hatari yake. Maana jambo lililokwisha kusifiwa sana huonekana kana kwamba limekwisha kulipwa. Insha hii yakusudia kulipinga neno hilo mahali linapodhuru kuliko pote, napo ni katika wodi ya watoto wachanga mahututi.

Achukuliwe kwa mfano mwanafunzi wa uuguzi akaaye Segerea, upande wa Ilala, mmoja wa wengi waamkao kabla ya alfajiri ili kuwahi daladala zipitazo Tabata na Buguruni kuelekea mjini. Yu katika mwaka wake wa mwisho. Amekwisha kupita katika wodi za watu wazima, za upasuaji na za wazazi, na sasa nia yake imewaelekea walio wadogo kuliko wote: watoto wazaliwao na kilo moja na ushei, ambao ngozi yao huonyesha mishipa kama karatasi ionyeshavyo mwanga. Aitangazapo nia hiyo nyumbani hupata majibu ya namna tatu. Jirani husema kwamba watoto wale hawaponi, na kujifunga nao ni kujifunga na msiba. Mjomba husema kwamba kazi ile siku hizi ni ya mashine, na afadhali mtu asomee mashine zenyewe. Shangazi, aliye mpole kuliko wote, husema: nenda, mwanangu, Mungu atakulipa, kwa kuwa huo ni wito. Majibu haya hayasemwi Segerea peke yake. Husemwa Temeke na Kinondoni, na husemwa pia katika ofisi ambamo mishahara na nafasi za masomo hugawanywa. Yote matatu yana kosa, na lile lililo tamu kuliko mengine ndilo baya kuliko mengine.

Ianze kauli ya jirani. Tarehe 7 Agosti 1963 alizaliwa Patrick Bouvier Kennedy, mwana wa Rais wa Marekani, majuma matano na ushei kabla ya wakati wake, akiwa na uzito wa kilo 2 na kidogo. Mapafu yake hayakukomaa. Madaktari mashuhuri wa taifa tajiri kuliko yote walimzunguka, nao wakashindwa; mtoto akafariki tarehe 9 Agosti, umri wake haujatimu siku mbili. Mwaka 1971 daktari George Gregory na wenzake wa San Francisco walitangaza njia ya kuyashikilia mapafu ya mtoto kwa msukumo mdogo wa hewa usiokatika. Leo njia hiyo hutumika Dar es Salaam kwa chombo ambacho mrija wake mmoja huishia katika chupa ya maji, na hewa hutoka ikifanya mapovu. Mtoto wa kilo 2 mwenye ugonjwa ule ule, ambaye ikulu ya Marekani haikuweza kumwokoa mwaka 1963, aweza kuokolewa leo akiwa ni mwana wa muuza mboga, kwa sharti kwamba chombo kipo na ajuaye kukitumia yupo. Basi jirani asiyejua hayo asihesabu ujinga wa zamani kuwa ni amri ya Mungu.

Na ushahidi hautoki ng'ambo peke yake. Kuanzia mwaka 2009 wakunga na wauguzi katika hospitali nane za Tanzania walifundishwa kumsaidia mtoto asiyelia apate kuvuta pumzi, kwa kumkausha, kumsisimua na kumpulizia hewa kwa mfuko na barakoa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013: vifo vya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Hapakujengwa jumba jipya wala hapakuletwa mtambo wa ajabu. Mikono ilifundishwa, na watoto waliokuwa wakihesabiwa wafu wakalia.

Lakini jirani ana kitu anachokiona, nacho kisipuuzwe. Huona vijeneza vidogo vikitoka hospitali, na hesabu za taifa zamuunga mkono kwa sehemu. Kwa mujibu wa uchunguzi wa taifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2010, katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai walifariki 81 kabla ya kutimiza miaka mitano, na 26 kati yao hawakutimiza siku 28. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulikuta vifo vya chini ya miaka mitano vimeshuka hadi 43, ilhali vile vya siku 28 za kwanza vimeshuka hadi 24 tu. Chanjo, vyandarua na dawa vimewanusuru watoto waliokwisha kupita mwezi mmoja; mchanga ameachwa nyuma karibu pale pale alipokuwa. Zamani alikuwa chini ya theluthi ya msiba wote, na sasa amekuwa zaidi ya nusu yake. Tanzania, pamoja na mataifa mengine, imejiwekea lengo la kufikia vifo 12 au pungufu ifikapo mwaka 2030. Anayezitazama hesabu hizi hawezi kusema kwamba watoto hawa hawaponi. Asemalo ni kwamba wameponywa wenzao, na zamu yao bado.

Ifuate kauli ya mjomba, kwamba kazi hii ni ya mashine. Mti hauendi ila kwa nyenzo, na hakuna mwenye akili awezaye kubeza taa, mitungi na vipimo. Hata hivyo, historia ya kazi hii yamkanusha mjomba. Mwaka 1922 daktari Julius Hess alianzisha wodi ya watoto waliozaliwa kabla ya wakati mjini Chicago, na aliyeiongoza wodi hiyo kwa miaka mingi alikuwa muuguzi Evelyn Lundeen. Siku hizo hapakuwa na mashine ya kupumua kwa mchanga, wala dawa ya kuyafungua mapafu. Palikuwa na joto, usafi, maziwa ya mama yaliyopimwa kwa matone, na macho yasiyosinzia. Hess alikiri deni lake kwa wauguzi, na mwaka 1941 daktari huyo na muuguzi huyo walitoa kitabu kimoja chenye majina yao mawili.

Na ile taa ya buluu ambayo mwanafunzi huiona ikimmulika mtoto mwenye manjano, chanzo chake kilikuwa jicho la muuguzi. Mwaka 1956, katika hospitali ya Rochford nchini Uingereza, muuguzi mkuu wa wodi ya wachanga, kwa jina Jean Ward, alikuwa na desturi ya kuwatoa watoto uani wapate jua na hewa. Siku moja aliwaonyesha madaktari mtoto ambaye umanjano wake ulikuwa umefifia mwili mzima isipokuwa mahali palipofunikwa na shuka. Madaktari walilichunguza jambo hilo, na mwaka 1958 wakachapisha habari za tiba ya mwanga. Lau muuguzi yule angalikuwa wa kupita, aliyeletwa jana na kuhamishwa kesho, asingalijua rangi ya mtoto ilikuwaje juzi, na shuka lingaliondolewa bila neno.

Hoja iliyo karibu zaidi ni ya Muhimbili yenyewe. Tangu mwisho wa miaka ya 1970, daktari Edgar Rey wa Bogotá, nchini Kolombia, alipoanza kuwaweka watoto wadogo kifuani pa mama zao, ngozi kwa ngozi, njia ya kangaruu imeenea duniani. Lakini kwa muda mrefu ilingojewa kwanza mtoto atulie, ndipo apewe mama. Utafiti uliosimamiwa na Shirika la Afya Duniani katika hospitali tano, moja ikiwa ni Muhimbili na nyingine zikiwa Ghana, India, Malawi na Nigeria, uliuliza itakuwaje mtoto wa chini ya kilo 1.8 akipewa kifua cha mama mara tu baada ya kuzaliwa, naye mama akawekwa ndani ya wodi ya mahututi pamoja naye. Majibu yalitolewa mwaka 2021. Waliongoja walifariki asilimia 15.7, na wasiongoja asilimia 12, hata utafiti ukasimamishwa kabla ya wakati wake kwa kuwa haikuwa haki tena kuendelea kuwanyima wengine. Kifua cha mama kilipunguza kifo kwa robo. Na aliyemfunga mtoto yule kifuani, akaushika mrija wake usichomoke, akamfundisha mama aliyechoka na mwenye hofu namna ya kuketi, alikuwa muuguzi. Mashine hulia mambo yanapoharibika. Hailii kabla hayajaharibika. Ajuaye kabla ni mtu, tena mtu aliyezoea.

Sasa ije kauli ya shangazi. Ni vigumu kumpinga mtu anenaye kwa upendo, walakini upendo wenyewe wataka kupingwa hapa. Katika miaka ya 1940 na mwanzo wa miaka ya 1950, hospitali za Marekani, Ulaya na Australia ziliwapa watoto waliozaliwa kabla ya wakati hewa ya oksijeni kwa wingi, bila kipimo, kwa kuwa kila mtu aliona huruma mtoto akihema kwa shida. Maelfu wakapofuka. Mwimbaji Stevie Wonder, aliyezaliwa mwaka 1950, ni mmoja wao. Hapakuwa na mtu mbaya katika msiba huo. Walikuwapo wauguzi wenye wito na madaktari wenye moyo, na moyo wao ndio uliofungua mitungi. Kilichokoma upofu ule kilikuwa elimu: kujua kwamba hewa ni dawa, na kwamba dawa ina kiasi. Huruma haijui kiasi. Huruma haihesabu pumzi kwa dakika nzima ikajua kwamba 40 hadi 60 ni salama na 75 ni hatari. Haijui kwamba joto la kwapa la mchanga halifai kushuka chini ya nyuzi 36.5, haijui kama mrija upitao puani umeingia tumboni au umepotea njia. Haya hujulikana kwa kufundishwa, kurudiwa, kusahihishwa, na kukaa.

Na hapo katika kukaa ndipo penye kiini cha shauri hili. Katika hospitali nyingi ni desturi kuwazungusha wauguzi kutoka wodi hata wodi. Mtu hufundishwa kumlea mchanga mahututi, hutumia miezi akijifunza kusoma uso wa mtoto asiyeweza kusema, na mkono wake unapoanza kuwa mwepesi hupelekwa wodi ya mifupa, nafasi yake ikachukuliwa na mwingine aanzaye upya. Wasimamizi husema kwamba muuguzi ni muuguzi. Hakuna asemaye kwamba fundi ni fundi, akamtoa mshona viatu akamweka kwenye injini ya meli. Mzunguko huo hudhaniwa kuwa ni haki kwa wote, ilhali ni hasara kwa wote, na alipaye hasara hiyo ni kiumbe wa siku tatu asiyeweza kuandika barua ya malalamiko.

Tena lipo suala la hesabu ya vichwa. Nchini Uingereza kipimo kilichowekwa na wataalamu wa tiba ya wachanga ni muuguzi 1 kwa mtoto 1 aliye mahututi, muuguzi 1 kwa watoto 2 walio chini ya hapo kwa hatari, na muuguzi 1 kwa watoto 4 waliobaki. Utafiti uliofanywa katika hospitali za Nairobi na kuchapishwa mwaka 2020 ulionyesha jambo ambalo kila muuguzi wa usiku alikuwa akilijua: kadiri watoto wanavyoongezeka mikononi mwa mtu mmoja, ndivyo kazi ziachwazo bila kutendwa zinavyoongezeka. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Hawakupata kufikiri juu ya mshika kumi na tano. Muuguzi aliyepewa wachanga kumi na tano, kila mmoja akihitaji maziwa kila saa mbili au tatu, si mwenye wito mkubwa kuliko wa mwenzake mwenye wawili. Ni mtu aliyetwishwa uchaguzi ambao hakuna binadamu apaswaye kutwishwa: ni nani asifikiwe usiku huu. Kisha asubuhi, mmoja akiwa amefariki, huulizwa kama kweli ana wito.

Watakuja wapinzani wenye hoja nzito zaidi, nao wasikilizwe. Watasema kwamba nchi ina uhaba wa wauguzi, na nchi yenye uhaba haiwezi kujifaharisha na ubingwa. Kwanza wapatikane wa kutosha kila mahali, ndipo wachaguliwe wa kukaa mahali pamoja. Ni kweli kwamba mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliitaja Tanzania miongoni mwa nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya. Lakini mwenye maji machache ndiye apaswaye kuziba nyufa za mtungi. Kumfundisha mtu kisha kumhamisha ni kuteka maji na kuyamwaga, na uhaba wa maji hauwezi kuwa hoja ya kuyamwaga. Isitoshe, pamoja na uhaba huo wapo vijana waliofuzu uuguzi na kusajiliwa, ambao huketi nyumbani wakingoja kuajiriwa. Uhaba wa watu uliochanganyika na watu wasio na kazi si balaa ya mbinguni. Ni hesabu ya fedha iliyofanywa na watu, na iliyofanywa na watu huweza kufanywa upya.

Watasema wengine kwamba fedha itumikayo kumwokoa mtoto mmoja wa kilo 1 ingeweza kuwachanja wengi. Hoja hii ilikuwa na nguvu zamani, wakati vifo vya wachanga vilikuwa sehemu ndogo ya vifo vya watoto. Leo, vikiwa zaidi ya nusu, hoja yenyewe imehama upande: anayetaka kuwaokoa walio wengi sasa hana budi kuingia wodi ya wachanga, kwa kuwa humo ndimo walimo walio wengi. Na nyingi ya tiba zao hazina gharama ya kutisha. Kifua cha mama hakiagizwi kutoka ng'ambo.

Wala isisemwe kwamba taifa halijatenda kitu. Tangu mwaka 2022 mpango wa m-mama wa usafiri wa dharura umesambazwa nchini, na kwa kupiga namba 115 mama mjamzito, mzazi au mtoto mchanga aweza kupelekwa hospitali. Mwaka 2025 sheria za kazi zilirekebishwa, na mama aliyejifungua kabla ya wakati akaongezewa likizo ili apate kumlea mwanawe. Haya ni mema na yasifiwe. Lakini gari limfikishapo mtoto mlangoni, hukabidhiwa mikono ya nani? Sheria imemtambua mama aketiye kando ya mtoto. Bado kutambuliwa kwa ukamilifu yule asimamaye kando ya wote wawili: ngazi yake ya cheo iliyo wazi, nafasi yake isiyohamishwa ovyo, masomo yake yenye shahada na malipo yalinganayo, na haki ya kupumzika baada ya usiku wa kifo.

Wenye taaluma ya lugha nao wasijidhanie kuwa wamo nje ya deni hili. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati huitwa leo njiti, mitaani na katika matangazo rasmi, hata siku yake ya tarehe 17 Novemba imekuwa Siku ya Mtoto Njiti. Wako wazazi waliolipokea neno hilo na kulifanya bendera ya mapambano yao, na hao wasilaumiwe. Lakini njiti ni kijiti cha kiberiti: huwashwa mara moja, kikazimika, kikatupwa, na sanduku lina vingine. Neno hilo lamfundisha jirani kauli yake kabla hajaitamka. Lugha ambayo humwambia afikaye mapema kwamba amewahi, haikukosa namna ya kumtaja mtoto huyu kwa heshima. Aitwe mtoto aliyewahi. Aliyewahi hungojewa, hutandikiwa, huandaliwa mwenyeji wa kumpokea. Na wahenga walimwita mgeni aje ili mwenyeji apone.

Kwa hiyo mwanafunzi wa Segerea asizuiwe, wala asisukumwe kwa nyimbo za sifa. Akichagua, achague kama fundi achaguavyo kazi ngumu: ajue kwamba atazika, ajue kwamba atasahaulika na wale atakaowaokoa, kwa kuwa hakuna mtu akumbukaye siku zake 28 za kwanza. Na kabla ya kutia sahihi, aulize bila haya atalea wangapi kwa zamu, atakaa wodini kwa muda gani, atasomeshwa nini na atapanda kwa ngazi ipi. Atakayemjibu kwamba maswali hayo si ya mtu mwenye wito amekwisha kumjibu. Methali yasema mcheza kwao hutunzwa. Achezaye kwao miaka na miaka bila kutunzwa, akaondoka kwenda kucheza kwa wengine, asiitwe msaliti na wale waliokaa wakimpigia makofi huku mikono yao ikiwa mitupu.

Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Hivyo husemwa kila arusi. Yafaa isemwe pia siku ya kugawa fungu la fedha, mbele ya wenye kalamu, kwa niaba ya wale ambao pumzi zao huhesabiwa usiku kucha na mtu mmoja aliye macho.